Habari Isiyo na Mwenyewe

Kuna methali nisiyoiamini tena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huenda ilifaa mahali ambapo neno lilitembea kwa miguu na kila kijiji kilimjua aliyelileta. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola na Kahama mpaka Masumbwe, Katoro, Rwamgasa na Geita mjini, lisemwalo mara nyingi halipo wala halitakuja, na watu huwa wameshauza ng'ombe kabla hawajalijua hilo.

Msomaji asiyekaa huku ajue rashi, yaani mbio za watu kwenda panapotajwa dhahabu, inavyozaliwa. Mtu anachimba kwenye shamba la mihogo, anakutana na mbale, jiwe la dhahabu, inayoonyesha dhahabu kwa macho. Wa kwanza kujua ni mama lishe, maana deni la ugali la mwezi mzima limelipwa kwa mkupuo. Anayefuata ni bodaboda. Jioni habari iko Katoro, na kesho yake Fuso zinashusha watu wenye sululu, moko na maturubai. Wachache hupata. Wengi hufika mwamba ukiwa umeshakatika, wakabaki na deni la nauli na shimo lisilo na matimba, yaani nguzo za kulishikilia. Zamani ungeweza kumshika mkono aliyekuletea habari, ukamwuliza kama ameiona kwa macho yake, na akitazama pembeni ungejua la kufanya. Simu imeuondoa uso huo. Siku hizi rashi inaweza kuzaliwa kutokana na picha ya jiwe lililookotwa Chunya au Kongo miaka mingi iliyopita.

Nilifika Nyarugusu nikiwa mama wa watoto wadogo, nikaanza kwa kuponda mawe kwa nyundo kabla makarasha, mashine za kusagia mawe, hayajaenea. Baadaye wenzangu walinichagua kuwa katibu wa kikundi chetu cha wachimbaji wadogo kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka. Kazi ya katibu ni karatasi. Naandika mifuko ya mbale iliyoingia karashani, gramu zilizotoka mwaloni tunakooshea dhahabu, mgawo wa kila mwanachama, barua kwa afisa madini, tarehe za leseni. Kwa ajili ya cheo hicho kila mwenye grupu aliniingiza kwenye grupu lake: la wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, la brokas wanaonunua dhahabu, la kata, la kwaya, la vikoba, la watu wa Shinyanga waishio Geita, na mengine ambayo sikupata kujua aliyeyaanzisha. Kabla chai haijachemka nilikuwa nimeshapokea bei tatu za dhahabu zisizofanana, tangazo la kufungwa kwa mialo ambalo lilikuwa la wilaya nyingine, sala ya kutumwa kwa watu kumi ili mlango wa riziki ufunguke, na picha za ajali ambazo mtoto hapaswi kuziona. Vijana walinisimamisha njiani, simu mkononi. "Mama Katibu, hii umeiona?" Na zile karatasi za lazima, zenye muhuri na tarehe, zikawa zinasomwa usiku, macho yakiwa yameshachoka.

Watu wengi husema tatizo ni wingi wa habari. Mimi naona wingi unabebeka. Gulio la Katoro lina kelele kuliko simu yoyote, lakini nikienda pale sichanganyikiwi, kwa kuwa namjua anayeuza mchele na nikikuta una mawe najua pa kuurudisha. Kinachochosha ni habari isiyo na mwenyewe: haina mtu wala ofisi unayoweza kuirudia kesho na kusema, ulinieleza hivi, mbona imekuwa vile? Habari ya namna hiyo haisahihishwi kamwe. Inafuatwa tu na nyingine.

Jambo hili nilifundishwa na baba, ingawa yeye hakudhani ananifundisha. Alikuwa mkulima wa pamba Tinde, pale njia ya Shinyanga inapogawanyika kwenda Kahama na Nzega. Shule hakuiona akiwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa na watoto wake, katika darasa la jioni kwenye ghala la pamba la chama cha msingi. Kanda yetu ilikuwa imebahatika. Kati ya 1968 na 1972 serikali na UNESCO waliendesha kutoka Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Mkulima wa pamba alifundishwa kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na 1974 likaanza kuchapishwa Mwanza gazeti la hao wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, jina lake Elimu Haina Mwisho.

Gazeti hilo likifika nyumbani halikusomwa na mtu mmoja. Baba alilisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, mama akichambua mlenda, sisi watoto tukisubiri akwame kwenye neno refu ili tumsaidie. Akimaliza habari aliuliza swali lile lile: "Nani kasema?" Kama ni bwana shamba, alitaka kujua ni wa wapi na udongo wa huko ukoje. Kama ni Ukiriguru, kile kituo cha utafiti kilichotoa mbegu za pamba tulizopanda, alitikisa kichwa kwa heshima, lakini bado alipanda mistari michache kwa namna ya zamani ili alinganishe. Toleo likishasomwa liliwekwa juu ya kabati, likarudiwa tena msimu ulipofika. Hakuna aliyelifungia maandazi.

Na redio ilisikilizwa kwa utaratibu huo huo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wanaokaribia milioni 2 nchi nzima walikaa katika makundi ya kusikiliza, kila kundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizoficha mbu. Kipindi kimoja kwa wiki, halafu mazungumzo, halafu jembe. Kabla ya hapo ilikuwapo kampeni ya kueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, nayo iliitwa Kupanga ni Kuchagua, maneno ambayo ningependa kila mwenye simu ayakumbuke kabla hajaiwasha asubuhi.

Sitaki kuzipamba siku zile. Redio ilikuwa moja, ya serikali, na ambalo serikali haikutaka lisemwe halikusemwa. Baba alilijua hilo, ndiyo maana swali lake halikubagua. Alimwuliza mwenyekiti wa kijiji vilevile alivyomwuliza jirani.

Siku ambayo niliona uzito wa swali hilo ilikuwa mbaya. Bibi, mama yake baba, alikuwa na macho mekundu. Usukumani miti ilikuwa imekwisha kwa kufyekewa pamba na ng'ombe, wanawake wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wa miaka mingi huyageuza macho ya mwanamke mzee kuwa mekundu kama jeraha. Mkoani Shinyanga bibi vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya rangi hiyo ya macho, kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto wa jirani alifariki kwa homa, na baada ya matanga likaanza neno la chini kwa chini juu ya bibi. Baba alilisikia kisimani. Jioni hiyo hakula. Alianza nyumba ya kwanza na kwenda moja baada ya nyingine, akibisha hodi na kusalimia, akiuliza kwa sauti ya kawaida: "Nimesikia mama yangu ametajwa. Nani kasema?" Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwingine. Alizunguka mpaka akarudi kwa mtu wa kwanza, na mwenye neno hakupatikana. Kesho yake akayaeleza hayo mbele ya wazee wote, kwamba amelitafuta neno hili mwenyewe hana. Likafa pale. Bibi aliishi, akafa kwa uzee, kitandani kwake.

Wengine hawakupata mtu wa kuwazungukia nyumba kwa nyumba. Kuanzia 2006 na miaka iliyofuata, hapa Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu waganga walisema viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Serikali ilikuwa imesimamisha leseni za waganga wa jadi mwanzoni mwa mwaka huo, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Nimefanya kazi na wenye maduara, nawajua walivyo wakati shimo limemeza mtaji wa mwaka na mwamba hauonekani. Mtu wa namna hiyo anataka kuambiwa kitu, chochote, na mwenye ramli yupo tayari kumwambia. Hiyo nayo ni kuchagua chanzo cha habari. Ndiyo maana nashindwa kulizungumzia jambo hili kana kwamba ni la kuokoa muda tu.

Januari 2017 wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa kwenye mgodi hapa Nyarugusu. Wote walitolewa wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo simu zilifanya kazi ya kikatili. Zilitaja idadi ya waliokufa, mara hii, mara ile, na ndugu waliokuwa mbali walianza kukata tiketi za msiba. Waliosimama karibu na mgodi hawakuzitazama. Walimtazama anayetoka eneo la uokoaji, wakamwuliza kwa jina, akajibu anachokijua na kunyamazia asichokijua. Nilijifunza pale kupima chanzo kwa umbali wake na shimo. Aliyeko Dar es Salaam akinipa habari ya Nyarugusu mapema kuliko aliyeko Nyarugusu, ninasubiri.

Mwaka ule ule likaja la makinikia. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia kusafirisha mchanga wa madini nje, na kontena 277 zikazuiwa bandarini. Migodi iliyoguswa, Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa kwa jirani zetu, kule Kahama. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Mruma ikatoa taarifa Mei, ya Profesa Osoro ikafuata Juni, kisha kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ikadaiwa kodi, faini na riba zilizofika dola bilioni 190. Kwa miezi kadhaa hakukuwa na mazungumzo mengine mwaloni. Watu waliligawa deni hilo kwa idadi ya Watanzania na kuanza kuwaza watakachonunua. Grupu moja tu la kwangu lilimwaga ujumbe tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na nikauona mwezi unapita bila mtu yeyote kujua zaidi ya alichojua siku ya kwanza. Oktoba mwaka ule Barrick, mwenye hisa nyingi katika Acacia, walikubaliana na serikali juu ya malipo ya dola milioni 300, na makubaliano yalipokamilika Januari 2020 serikali ikawa na asilimia 16 ya hisa kupitia kampuni ya Twiga. Aliyesoma taarifa chache hizo, kila moja ilipotoka, alijua yote ya msingi. Aliyefuatilia kila saa alijua hasira na furaha za watu wengine.

Na wakati kelele ikiwa kwenye kontena, Bunge lilibadilisha Sheria ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaanzishwa. Hilo lilimgusa mama anayeuza gramu moja Nyarugusu kuliko kontena zote 277, lakini sikuliona kwenye grupu hata moja. Nililikuta kwenye karatasi, ofisini kwa afisa madini, nikaomba nakala.

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kusoma. Nilianza kwa kuondoka. Nilijitoa kwenye magrupu yote isipokuwa la kikundi chetu na la ukoo. Wapo walionuna, na mzee mmoja wa heshima alinipigia simu kuuliza amenikosea nini. Nilimwambia, "Baba, wewe ukiwa na neno nipigie hivi hivi, nitakusikiliza muda wowote." Amekuwa akinipigia, na kila anachoniambia kina maana, kwa kuwa mtu anayepiga simu hulipima neno lake kwanza.

Kisha nikajiuliza maisha yangu yanategemea mambo gani, na kila jambo nikalitafutia mwenyewe. Yalikuwa machache kuliko nilivyodhani: sheria na kodi, bei, mvua, afya ya wanaoshika zebaki, na habari za nchi kama raia yeyote.

Kwa sheria, nikachagua Sheria ya Madini yenyewe, Sura ya 123, na marekebisho yake, pamoja na afisa madini wa kunieleza nisipoelewa. Ni kitabu kigumu, mwanzoni kilinilaza mapema. Lakini kina sifa ambayo simu haina: kina mwisho. Ukikimaliza umekimaliza, mpaka kibadilishwe. Faida yake niliiona 2019. Januari 22 mwaka huo Rais alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, Februari Bunge likafuta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, na Machi Waziri Mkuu Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita. Kilichobaki wakati huo kwa muuzaji kilikuwa mrabaha, ada ya ukaguzi na ushuru wa huduma, jumla asilimia 7.3. Lakini huku ndani brokas waliendelea kuwaambia wanawake kwamba makato ya zamani yapo palepale, na kwamba sokoni utakatwa kila kitu ukarudi na nauli tu. Dada mmoja wa kikundi alikuja kwangu na kipande chake kwenye kitambaa. "Mama Katibu, wanasema nikienda Geita nitakatwa robo." Nikamwuliza nani kasema. Akanitajia aliyetaka kukinunua. Nilimsomea karatasi, tukapanda gari pamoja, akauza sokoni na kupewa risiti yenye kila kato limeandikwa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Risiti ile ilizunguka mwalo mzima mpaka ikachakaa.

Kwa bei, mwenyewe ni soko la dunia, na lina saa zake. Bei ya London hupangwa mara mbili kila siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9 alasiri kwa saa za kule, kwa dola kwa wakia moja ya gramu 31.1. Kijana anayeuliza bei kila nusu saa hana anachokijua zaidi ya anayeiangalia mara moja. Tena mabadiliko makubwa huja polepole kuliko tunavyodhani. Septemba 2011 wakia ilipita dola 1,900, katikati ya 2013 ikawa chini ya 1,300 na wengine wakaamini dhahabu imekwisha thamani, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Katika vipindi vyote hivyo brokas walikuja na bei zao mdomoni. Mimi nachukua bei ya siku inayobandikwa soko la madini, nagawa kwa gramu, nahesabu usafi wa dhahabu, natoa makato, na naandika ubaoni pale karashani. Baada ya hapo simu inarudi mfukoni.

Mvua nimeiachia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kabla ya vuli na kabla ya masika hutoa utabiri wa msimu unaoutaja ukanda wa Ziwa Victoria kwa mikoa yake, Geita na Shinyanga ikiwemo, pamoja na wakati mvua inapotarajiwa kuanza. Wakulima wanauthamini, lakini nadhani mchimbaji anauhitaji zaidi. Ardhi ikilowa matimba hulegea na duara refu hugeuka kaburi. Kikundi chetu huamua kwa utabiri huo lini kutoka kwenye maduara marefu. Kuna watu wanaotabiri mvua kwa kutuma sauti kwenye simu, wakijiita wataalamu; hawana ofisi, na wakikosea hubadilisha namba.

Zebaki nayo nilimwendea nesi wa zahanati. Vijana wengi wanaamini kwamba ukishachoma dhahabu, maziwa ya moto yanasafisha sumu. Nesi alinieleza bila kuzungusha: mvuke wa zebaki huingia kwa mapafu, unadhuru neva, figo na mtoto aliye tumboni, na maziwa hayaufuati huko. Nikatafuta zaidi nikakuta kwamba Rwamgasa, mwendo mfupi kutoka kwetu, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki miaka ya 2000. Maarifa yalikuwa yamekusanywa kwenye damu na mikojo ya majirani zetu, na majirani hao bado wanabishana kuhusu maziwa. Hilo linaniuma sana. Sasa wanawake wajawazito wa kikundi hawakai karibu na moto wa kuchomea, na tunachomea kwenye chombo kilichofunikwa.

Habari za nchi nazipata jioni kwenye taarifa ya redio, na kwenye gazeti moja la karatasi linalokuja na basi, ambalo nalisoma lote, pamoja na kurasa za ndani wasizozisoma wengi. Vipindi vya asubuhi vya kusoma vichwa vya magazeti nimeviacha. Kichwa cha habari kinaamsha hamu bila kuishibisha, na kumi kwa mfululizo vinakuacha na njaa ya siku nzima. Ninachopenda kwa gazeti ni kwamba likikosea, jina lake lipo, ofisi yake ipo, na mara nyingine hukiri kosa kwenye toleo linalofuata. Gazeti lisilokiri kosa hata siku moja silinunui. Natumia kipimo hicho hicho kwa ofisi za umma. Karatasi ya serikali inaniambia kanuni ilivyo. Namna inavyotekelezwa namwuliza aliyetozwa.

Wanangu husema nitapitwa. Ni kweli, nimepitwa na mengi. Kuna rashi zilizoanza na kwisha nisizisikie, na misiba niliyoijua baada ya arobaini, na hili la misiba linanisikitisha. Lakini nimeona kwamba habari inayonihusu kweli hunifikia kwa mdomo wa mtu. Mwaka juzi mpwa wangu alitoka Mbogwe na jiwe mkononi, akanionyesha, akanitajia shamba, mwenye shamba na kina cha shimo. Hiyo ni rashi niliyoiamini. Habari ya mdomo haina ubaya. Iliyo na jina na uso ni bora kuliko nusu ya yaliyochapishwa.

Muda uliopatikana sikuupoteza. Nimerudi kusoma vitabu, na jioni wanachama wachache hukaa karashani mashine zikizimwa, tukasoma kifungu kimoja cha sheria au ukurasa wa gazeti kwa sauti, kisha tukabishana. Mabishano yana joto. Kijana mmoja ambaye hakumaliza darasa la saba sasa ndiye anayejaza fomu za leseni za wenzake.

Kwa hiyo nina ombi. Halmashauri za ukanda huu, Geita, Mbogwe, Bukombe, Nyang'hwale, Msalala na Kahama, hupokea ushuru wa huduma kutokana na dhahabu inayotoka chini ya miguu yetu. Naziomba zitenge sehemu ndogo ya fedha hiyo kwa chumba cha kusomea katika kila kata yenye mialo: meza, viti, taa, magazeti mawili yenye wamiliki tofauti, utabiri wa msimu ukutani, bei ya siku ubaoni, na Sheria ya Madini kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria nchini. Mtu mmoja anayelipwa akae hapo jioni kwa ajili ya wasiojua kusoma. Waanze na Katoro, kwa kuwa ndiko rashi zote zinakopitia, na wakitaka mtu wa kupanga rafu za kwanza, mimi nipo Nyarugusu.